Jibu Ndiyo kwa Kila Swali

Jobabo, 9 Mei 2023

Mwanangu Yanelkis,

Mungu akubariki wewe na Maite, na hiyo baridi ya Montevideo isiwaguse. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu mwenye tundu shingoni. Joto ni lile lile, umeme ukija unakuja kusalimia tu kisha unaaga, na kahawa ya mgao wa mwezi huu imesagwa na njegere nyingi kuliko kahawa. Daktari wa Holguín amelichungulia tundu akasema limepona vizuri sana. Nikamwandikia kwenye kibao: "Limepona, ila haliimbi." Akacheka. Mimi sikucheka, maana hata kicheko walikikata pamoja na koromeo.

Sasa nisikilize. Kompyuta inaumwa. Unamjua Osmel, yule wa baiskeli anayepita nyumba kwa nyumba kila Ijumaa na flashi yake ya filamu na tamthilia. Miaka yote hii ndiye aliyekuwa akiilisha antivairasi yangu, ananiletea lile faili la wiki la kuifundisha virusi vipya, kwa kuwa intaneti ya nyumbani kwetu ni hadithi. Tangu Februari hajaleta. Anasema wenye programu ile wamebadili utaratibu, hawatoi tena faili la kubeba mkononi, wanataka kila kompyuta ijichotee yenyewe kutoka kwao. Nikamwandikia: kwani wao wanadhani Jobabo ni wapi? Akanijibu, "Mzee Argelio, hawadhani kabisa."

Basi mlinzi yupo lakini haoni. Virusi vimejaa tele. Nikifungua folda, hakuna folda, kuna kipicha tu cha kudanganyia, ukikibofya kompyuta inakoroma. Na nina hakika vimeletwa na flashi hiyo hiyo ya Osmel, inayoingia kila nyumba ya mji huu bila kunawa mikono.

Ninachohofia ni kile kifurushi. Ulipokitengeneza kabla hujaondoka uliniambia: baba, nyimbo zako zote zimo humu, bofya mara mbili tu, zitajifungua zenyewe. Halafu Januari antivairasi ikakishuku, eti kitu kinachojifungua chenyewe si kizima, ikakitia karantini. Nilipokuuliza ukasema nikiache humo humo, kwamba virusi vinavyozagaa hupenda kuganda kwenye vitu vya aina hiyo, kwa hiyo jela ndiyo mahali salama. Nimekiacha. Lakini kanda za kaseti tulizorekodia zilioza baada ya kimbunga, na flashi ya nakala uliyoondoka nayo walikunyang'anya njiani. Kilichobaki duniani ni hicho kifurushi. Miaka yangu yote ya kulumbana kwa mashairi na rafiki yangu Secundino kila Jumapili, watu wakipiga makofi hadi kuku wanakimbia, imo humo.

Maite hajawahi kunisikia. Nikimpungia kwenye video anaigonga simu yako, anadhani imeharibika. Dada yake Osmel anahamia huko Montevideo mwezi wa Julai na amekubali kubeba flashi. Nataka mtoto amsikie babu yake kabla hajawa mzee wa kupunga mkono tu. Osmel anasema ipo antivairasi iliyotengenezwa humu humu nchini, ambayo chakula chake kinabebeka. Nifundishe kuhama kutoka ile kwenda hii bila kuharibu kitu.

Baba yako,
Argelio


Montevideo, 16 Mei 2023

Baba, nibariki.

Sisi hatujambo. Maite amejifunza kusema "hapana" na sasa hasemi kingine. Mimi bado niko kwenye oveni za lile duka kubwa, naingia kukiwa bado giza na kutoka nikinuka hamira. Baridi imeanza kweli, nimevaa soksi mbili mbili na bado miguu haiamini. Vipi kifua? Unalifunika tundu kwa kitambaa unapofagia uani? Usinijibu ndiyo kama ni hapana.

Kompyuta sasa. Osmel anasema kweli, hama. Lakini uhame kwa mpango, si kwa pupa kama ulivyowahi kuhamisha nguruwe.

Kubwa kuliko yote: usiweke antivairasi mbili kwa wakati mmoja. Kila moja itaiona nyingine kuwa ndiyo kirusi, zitakabana koo na kompyuta itaganda palepale. Ile ya zamani itoke kwanza ndipo mpya iingie. Na hapo katikati kompyuta inabaki bila mlinzi, kwa hiyo muda huo usichomeke kitu chochote cha mtu, hata Osmel akikulilia.

Kabla hujagusa kitu, pata hiyo mpya pamoja na sasisho lake la karibuni kabisa. Usiichukue kwa Osmel! Nenda pale klabu ya kompyuta karibu na bustani na flashi mpya, mwambie yule dada aisafishe mbele ya macho yako kisha akutilie. Halafu subiri mpaka umeme uwe umerudi sasa hivi, ili uwe na muda mbele yako. Umeme ukikatika katikati ya kuondoa, kompyuta inaweza isiamke tena.

Ile ya zamani iondoe kwa njia yake, kule kwenye orodha ya programu, si kufuta folda yake kama ulivyofanya na ile michezo. Itakuuliza maswali mengi kwa Kiingereza, una hakika, unataka kweli, na hiki je, na kile je. Wewe jibu Ndiyo kwa kila swali. Usikae kutafuta kamusi, umeme hautakusubiri. Ikimaliza, zima na uwashe. Weka mpya, ilishe sasisho, kisha iambie ikague mashine nzima. Ikishasafisha ndipo tutakitoa kifurushi, na Maite atamsikia malenga wa Jobabo.

Nimeshamwahidi. Amesema "hapana", lakini huo ndio mtindo wake.

Mwanao,
Yanelkis


Jobabo, 29 Mei 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki, na amfundishe mjukuu wangu neno la pili. Barua yako niliipata, ila kujibu nimechelewa kwa sababu mnara wa simu nao unataka umeme kama sisi sote. Kifua si kibaya. Nalifunika tundu. Ndiyo, na ndiyo ya kweli.

Habari ya nguruwe ilikuwa mwaka ule na nguruwe mwenyewe ndiye aliyekuwa na pupa. Tuyaache.

Nimekwenda klabu. Yule dada amenitilia antivairasi mpya na sasisho lake, flashi nimeifunga kwenye soksi safi nikaitia kabatini. Osmel alipojua kwamba sikuchukua kwake alinuna, akasimama mlangoni na baiskeli yake akisema, "Mzee, yaani flashi yangu leo imekuwa na ukoma?" Nikamwandikia: leo? Ameondoka bila kunywa kahawa, na hiyo ni hasara yangu, maana huwa anakuja na sukari yake.

Secundino alipita Jumapili. Unajua hawezi kukaa kimya, na tangu niachwe bila sauti amekuwa mbaya zaidi, anakaa kwenye kiti changu cha kuning'inia na kunirushia beti, halafu ananisubiri nijibu! Nikiandika jibu kwenye kibao anasema muda umekwisha, nimeshindwa. Miaka yote hakuwahi kunishinda mara mbili mfululizo, sasa ananishinda kila wiki na anahesabu. Nimemwambia asubiri kifurushi kifunguliwe, nitamwekea nyimbo zile uani ajisikie alivyokuwa akishikwa na kigugumizi. Kisha akasema, "Argelio, na mimi nataka kuzisikia." Mjinga yule alinitia uchungu.

Nakuuliza jambo moja. Kile kifurushi kilichofungwa kinahamaje? Kinatoka jela ya zamani kwenda jela ya mpya chenyewe, au kuna mtu wa kukisindikiza? Maana nikifikiria, nyumba ikibomolewa na aliyefungwa yumo ndani, sijui.

Nasubiri neno lako na siku ya umeme mzuri. Mwambie Maite babu yake alikuwa akiimba bila kipaza sauti, na akisikika hadi ng'ambo ya reli.

Baba yako,
Argelio


Montevideo, 8 Juni 2023

Baba, nibariki.

Naandika mbio mbio, nisamehe. Maite kifua kimembana, tulilazwa hospitali, sasa tumerudi na dawa ya kuvuta na hataki hata kuiona. Nimekosa zamu mbili na msimamizi ananitazama kama nimemwibia mkate. Usiwe na wasiwasi, anaendelea vizuri, leo amekula.

Nimefurahi umeshapata ile mpya. Ndiyo, endelea tu kama nilivyokuandikia, kila kitu kwa utaratibu ule ule. Usiogope, si kazi ngumu. Siku umeme ukiwa mzuri, fanya.

Nitaandika vizuri mtoto akipoa. Jifunike.

Mwanao,
Yanelkis


Jobabo, 20 Juni 2023

Mwanangu Yanelkis,

Mungu akubariki na ampe mtoto afya. Niambie kifua chake kikoje. Mchemshie vitunguu na asali hata kama madaktari wa huko wanacheka.

Nimefanya. Umeme ulirudi asubuhi, nikakaa mara moja. Nimeondoa ya zamani, nikazima nikawasha, nikaweka mpya, nikailisha. Imekagua mashine nzima na kukuta virusi vingi sana. Folda zimerudi kuwa folda. Kompyuta inafunguka haraka.

Mvua imenyesha. Mpapai mmoja umeanguka. Maembe ni mengi mwaka huu.

Mbusu Maite.

Baba yako,
Argelio


Montevideo, 27 Juni 2023

Baba, nibariki!

Kumbe wewe ni fundi! Nimewasimulia wenzangu kazini: mzee wangu ana miaka sabini na moja, hana koromeo, hana intaneti, na amebadilisha antivairasi peke yake kati ya mgao mmoja wa umeme na mwingine. Kuna kijana hapa mwenye intaneti chooni na hajui kubadilisha hata balbu.

Maite amepona. Anakimbia, anavunja, anasema hapana. Nimemnunulia spika ndogo ya rangi ya machungwa, naificha juu ya kabati. Siku flashi ikifika nitawaita majirani, kuna wazee wawili kutoka Camagüey ghorofa ya chini ambao wakisikia mashairi ya kulumbana watalia bila aibu.

Kwa hiyo sasa kazi ni moja. Kifurushi. Dada yake Osmel anaondoka lini hasa? Fungua antivairasi mpya, tazama kwenye karantini yake, uniambie unaona nini. Ukiliona jina lake, usikiguse, niandikie kwanza.

Baba, barua yako ilikuwa fupi. Hujawahi kuniandikia fupi hivyo, hata ulipotoka chumba cha upasuaji ulinijazia kurasa mbili za kulalamikia supu. Kabla ya kuiondoa ile ya zamani ulikitoa kwanza kifurushi, sivyo?

Mwanao,
Yanelkis


Montevideo, 15 Julai 2023

Baba,

Hujanijibu. Nimempigia Osmel, anasema uko mzima, umekaa, unaota jua. Nikamwuliza kuhusu kompyuta akaanza kunieleza habari za baiskeli. Osmel hajui kuficha kitu.

Leo mwenye nyumba wangu alinipa kompyuta yake kuukuu. Nimeiweka ile antivairasi ya zamani, ile ile, kisha nikaiondoa, ili nione ulichokiona. Maswali yale ya upuuzi, una hakika, una hakika kweli. Halafu likaja moja peke yake, na alama ya njano. Linasema hivi: vitu vilivyomo karantini vitafutwa kabisa na havitarudishwa, unataka viende pia?

Na mimi nilikwambia ujibu Ndiyo.

Halafu nikarudi kusoma barua zako. Uliniuliza, baba. Barua ya tarehe ishirini na tisa Mei. Uliniuliza wazi wazi kinahamaje, uliniuliza kama nyumba ikibomolewa na aliyefungwa yumo ndani. Niliisoma nikiwa kwenye benchi la hospitali, nikaona nguruwe, nikaona Secundino, nikacheka, na swali lako nikalipita kama sikuliona. Kisha nikakuandikia: ndiyo, endelea tu. Kilikuwa kitu cha dakika moja. Unakitoa kifurushi karantini, unakitia kwenye flashi safi, unaificha flashi, ndipo unaendelea. Mtu yeyote anayehamisha hizi programu anaanza hapo, hutazama kwanza nini kimefungwa ndani. Mimi nilikufundisha kila kitu isipokuwa hicho.

Zima kompyuta sasa hivi. Usiiwashe, usiandike chochote juu yake, usiruhusu mtu aiguse. Kitu kilichofutwa huwa bado kipo mpaka kingine kiandikwe juu yake. Mchukue Osmel, ipelekeni Las Tunas mjini kwa fundi wa kurudisha mafaili. Nitatuma chochote atakachotaka.

Nitukane, baba. Niandikie hata tusi moja, lakini niandikie.

Yanelkis wako


Jobabo, 3 Agosti 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. Umeniomba tusi. Nilikuwa nayo mengi, nimeyasubiri yapoe, na yaliyobaki hayana ladha.

Kwanza ukweli, maana tumechelewa kuambiana. Lile swali la njano nililiona. Kiingereza changu ni cha vibandiko vya mashine za kiwanda cha sukari, lakini karantini ni karantini kwa lugha zote. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikakaa. Nikasema moyoni, hapa pana jambo. Nikasema tena, Yanelkis ndiye aliyesoma haya, na amesema kila swali, na nilipomwuliza amesema endelea. Na nje nikasikia jirani anapiga kelele kwamba upande wa pili wa reli wameshakata. Basi nikabofya. Nilijua kabla kidole hakijainuka. Mtu huwa anajua.

Nilikaa nikitazama ile mpya ikiingia, safi, ya kijani, inahesabu virusi kwa furaha. Nikaitafuta karantini yake. Humo mlikuwa na takataka za Osmel tu.

Sikukuandikia kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikukasirikia, Yanelkis. Nilikukasirikia vibaya. Hasira bila sauti ni kitu kibaya, haina pa kutokea, unabaki unapiga meza na kupumua kwa shingo kama samaki. Nilivunja kibao. Osmel akaniletea kingine bila kuuliza.

Las Tunas tulikwenda, kabla hujasema, wiki ile ile. Tulipanda lori, kompyuta imefungwa kwenye shuka juu ya mapaja yangu. Fundi ni mwanamke mmoja mpole, alikaa nayo siku nzima. Akaniambia jela ile hukitia kitu kufuli la siri, na ufunguo ulikuwa wa programu yenyewe, nao umeondoka nayo. Halafu mpya na masasisho yake vimeandikwa palepale juu ya kilichofutwa. Alifukua alichoweza. Akapata picha za arusi yako, barua za kiwandani, na nguruwe. Wimbo hata mmoja hakupata. Nikamwandikia ajaribu tena. Akajaribu tena, mbele yangu, ili nione mwenyewe. Hakutaka kuchukua kitu.

Dada yake Osmel aliondoka na kahawa yenu na jibini la mapera, ile jamu ngumu ya kukata kwa kisu. Flashi alinirudishia.

Secundino alipopata habari alikuja siku isiyo ya Jumapili. Alikaa. Akasema beti zangu anazijua zote, na atamwimbia Maite, arekodi kwa simu ya Osmel, tumtumie. Akaziimba pale uani kwa namna yangu, ananiigiza, anavuta maneno ya mwisho nilivyokuwa nikivuta. Majirani wakatoka, wakapiga makofi. Na mimi nilikaa nikisikiliza mzee mwingine akijifanya mimi. Nikaandika: acha. Akaacha. Amekasirika, lakini atarudi, hana pengine pa kwenda.

Sasa kuna jambo. Sauti yako mwenyewe huisikii kama wengine wanavyoisikia. Ukiimba, unaisikia ndani ya mifupa. Mimi kuisikia ya nje nilikuwa nikiisikia kwenye zile kanda tu, na sasa nikijaribu kuikumbuka napata maneno, napata gitaa, napata na makofi, lakini pale katikati pamekauka. Wewe ulikua ukiisikiliza. Ulilala mapajani mwangu nikiimba, nilikugombeza nayo, nilikuita nayo kutoka ng'ambo ya reli. Niandikie ilikuwaje. Usiniandikie kwamba ilikuwa nzuri, hilo nalijua. Andika ilikuwaje, nzito au nyepesi, ilitokea puani au kifuani, ilikuwaje nikisema jina lako. Andika kama mtu anayemweleza kipofu rangi. Hilo ndilo ninalokuomba, na ukinipa hilo hatudaiani kitu.

Baba yako,
Argelio


Montevideo, 30 Agosti 2023

Baba, nibariki.

Nimelia sana na barua yako, mpaka Maite akaniletea kikombe cha maji na kusema neno jipya: "kunywa." Kwa hiyo sasa ana maneno mawili.

Dada yake Osmel amefika salama. Tulikwenda kumpokea, amekonda, amelala kwetu siku chache, tumempatia chumba kwa wale wazee wa Camagüey. Jibini la mapera limekwisha siku hiyo hiyo. Kahawa nimeificha, nanywa mwenyewe asubuhi kabla ya zamu, na njegere zake nazisikia kabisa, na sikuwahi kufikiri kwamba njegere zingenifanya nikumbuke nyumbani.

Kazini wamenihamishia kwenye keki, mshahara umeongezeka kidogo na moto umepungua. Baridi inaanza kulegea. Maite amekua, viatu vyote vimembana, na ameanza kuchora watu wenye mikono mirefu mno.

Daktari amesema nini safari hii? Mwulize kuhusu kifua na kikohozi, usikiache. Na ile antivairasi mpya usiache kuilisha kila Ijumaa. Hata kutoka kwa Osmel ni sawa, ila mwambie flashi yake ikaguliwe kwanza, na kabla ya kufuta chochote inachokishika, fungua uangalie ni nini. Siku hizi namwambia hivyo kila mtu, hata wale wasioniuliza.

Msalimie Secundino. Usimkatalie kiti.

Nitaandika zaidi wiki ijayo, leo nimechoka.

Mwanao anayekupenda,
Yanelkis


Jobabo, 22 Septemba 2023

Mwanangu Yanelkis,

Mungu akubariki, na amzidishie mtoto maneno.

Mimi niko vile vile. Kikohozi kipo, daktari amekisikiliza akaandika dawa ambayo haipo. Secundino amerudi, amekaa kwenye kiti, hatulumbani, tunatazama barabara. Antivairasi niliilisha mpaka juzi, kisha kompyuta nimempa Osmel, ina kazi zaidi kwake.

Barua yako ilikuwa ndefu na nzuri. Niliisoma, nikairudisha mwanzo kwa kidole, nikaisoma tena kwa kuwa nilidhani nimeruka mahali. Kisha nikadhani hukuliona swali langu, maana imeshatokea. Lakini safari hii uliliona, ulilia nalo. Na wiki ijayo uliyoisema imepita.

Kwa hiyo nimeelewa. Hukumbuki. Unaikumbuka siku, uani, joto la mapaja, na nilivyokuwa nikiinua kidevu, lakini sauti yenyewe huna. Usijilaumu, si kosa la mtu, ni miaka na umbali na video zisizo na neno. Nisingekuuliza kama ningejua. Secundino anasema yeye anaikumbuka, lakini Secundino anakumbuka pia kwamba alikuwa akinishinda.

Sitaki unitungie. Nimetunga maisha yangu yote, nikisoma kitu cha kutunga nakijua kwenye mstari wa kwanza, na hicho kingeniuma kuliko kimya chako. Maite akiuliza, mwambie babu yake alikuwa akiimba, basi. Usimwambie ilikuwaje.

Niandikie habari za keki, za viatu, za hayo mavazi ya baridi mnayovua. Hizo nazitaka. Ila lile tusiliguse tena.

Na sasa hivi, binti yangu, unaponisoma, unanisikia kwa sauti ya nani? Usinijibu.

Baba yako,
Argelio